Kuiseti na kuishindanisha pikipiki mpya ya mbio za mita 201: mwongozo kamili wa wikiendi ya mashindano Dar es Salaam

Mwongozo huu ni wa mtu aliyejenga pikipiki ya mbio za mstari mnyoofu kwa injini ya cc 150, ile ile inayounguruma kila kijiwe cha bodaboda, na sasa ana wikiendi moja ya mashindano mbele yake. Nimechagua injini hiyo kwa sababu vipuri vyake vimejaa Kariakoo na fundi anayeijua hakosekani mtaa wowote wa Dar. Tena wenzetu wa Thailand na Indonesia wameshaonyesha kwamba injini ndogo ya silinda moja inatosha kabisa kwa mchezo wa mita 201 na mita 402. Mwenye Hayabusa, pikipiki kubwa ya Suzuki, atapita hatua hizi hizi, ila vipimo vyake vitakuwa vingine.

Msimamo wangu niuseme mapema. Pikipiki mpya hushinda au kushindwa kwenye mita 18 za kwanza, na hapo wanaotawala ni klachi, tairi na mkono wa mpanda. Nguvu ya injini inakuja baadaye. Nimeona pesa nyingi zikiishia kwenye kamshafti na kabureta kubwa huku klachi ikibaki ile ya kubebea abiria, na matokeo yake ni kelele nyingi na muda mbaya.

Soma kanuni kabla ya kushika spana

Pata kanuni za mashindano kwa maandishi. Jua umbali, cc zinazoruhusiwa katika daraja lako, uzito wa chini, mafuta yanayokubalika, na kama mnaondoka kwa taa au kwa bendera. Uliza pia kuhusu kibali, gari la wagonjwa, uzio wa watazamaji na urefu wa sehemu ya kusimamia baada ya mstari wa kumalizia. Kimojawapo kikikosekana, usishiriki. Na usiende kujipima usiku wa manane Barabara ya Bagamoyo. Kuna watu wanavuka, kuna mchanga, kuna pikipiki zisizo na taa, na kushindana kwenye barabara ya umma ni kosa. Hata ukirudi mzima, hutarudi na kipimo chochote cha kuaminika.

Vifaa vya usalama andaa wiki nzima kabla. Kofia iwe ya kufunika uso wote, yenye lebo ya ECE 22.05 au 22.06. Tafuta suti ya ngozi, glovu, na buti zinazofunika kifundo cha mguu. Kwenye pikipiki funga swichi ya kuzimia injini yenye kamba ya kuvaa mkononi: ukianguka huku resi imekwama, kamba inachomoka na injini inazima yenyewe. Funika mnyororo, na nati za ekseli zifunge kwa waya zisilegee. Wakaguzi wakikurudisha Jumamosi asubuhi kwa ajili ya waya wa shilingi chache, umepoteza majaribio ambayo huwezi kuyarudisha.

Injini: izoeze kabla hujaiamini

Injini iliyovishwa pistoni na ringi mpya haipelekwi moja kwa moja kwenye mstari wa kuanzia. Fanya kazi hii kabla hujavua taa na namba za usajili, wakati pikipiki bado inaruhusiwa kutembea barabarani. Iwashe ipate moto, izime, iache ipoe kabisa, halafu rudia kukaza nati za silinda hedi kwa spana ya torki. Baada ya hapo iendeshe ukipandisha na kushusha resi, ikiwa na mzigo wa wastani. Ringi hukaa vizuri kwa sababu gesi ya mlipuko huzisukuma zibane ukuta wa silinda, kwa hiyo kuiacha iungurume gereji saa nzima bila mzigo hakusaidii kitu. Mwaga oili ya kwanza mapema na uichunguze juani. Chembe ndogo ni za kawaida kwenye injini mpya. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si vya kawaida, na ukiviona fungua injini.

Seti valvu injini ikiwa baridi. Baadhi za aina hii hutaka mm 0.05 kwenye valvu ya kuingiza na mm 0.10 kwenye ya kutoa, lakini kama umefunga kamshafti nyingine, fuata kipimo cha aliyeitengeneza. Kuhusu mgandamizo, kwa petroli ya kituo cha mafuta na injini inayopozwa kwa hewa kwenye joto letu, mimi nisingevuka 11 kwa 1. Ukipita hapo, mafuta huanza kulipuka yenyewe kabla ya wakati, na pistoni ndiyo inayolipa.

Klachi: hapa ndipo pa kutulia

Kama umebakiwa na laki moja tu, iweke hapa.

Anza na oili. Klachi ya pikipiki hizi inaogelea kwenye oili ya injini, kwa hiyo tumia oili yenye alama ya JASO MA au MA2, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki. Oili nyingi za magari zina viungo vya kupunguza msuguano. Kwenye gari ni faida, ila kwenye klachi yako ni utelezi. Pleti mpya za msuguano zilowekwe kwenye oili usiku kucha kabla ya kufungwa, na zile za chuma zilazwe juu ya kioo uone kama kuna iliyopinda. Pima unene wa kila pleti kwa venia na uandike, maana Jumamosi jioni utataka kujua zimelika kiasi gani.

Springi usibadilishe zote kwa pupa. Klachi yenye springi nne iwekee mbili ngumu zikitazamana, mbili ziwe za kawaida, na uanzie hapo. Zote zikiwa ngumu, klachi inashika kwa kishindo: ama injini inazama, ama gurudumu la mbele linapanda. Kwenye mpini acha mchezo, yaani nafasi ya kuuvuta kabla klachi haijaanza kuachia, wa milimita 2 hadi 3. Ukague baada ya kila jaribio, kwa sababu pleti zikilika mchezo ule unapungua hadi kupotea. Mchezo ukiisha, klachi haibani sawasawa na inaungua polepole bila wewe kujua.

Sasa jifunze kuisoma. Ukiachia klachi na injini ikazama, mlio ukashuka kama inataka kuzima, umeondoka kwa mizunguko michache ya injini kwa dakika au umeachia haraka mno. Ongeza mizunguko 500 ujaribu tena. Tairi likisaga pale pale bila kusogea, punguza mizunguko au punguza upepo wa tairi. Mbele ikinyanyuka, usikimbilie kupunguza resi kwanza. Teremsha mbele kwa mkanda unaobana shokapu, sogeza kifua juu ya tanki, na kama kanuni zinaruhusu refusha mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Kazi hiyo mpe mchomeleaji anayeaminika, na baada ya kuchomelea pima kwa uzi kama magurudumu mawili yako kwenye mstari mmoja. Na ukisikia mlio unapanda kwenye gia ya tatu au ya nne huku pikipiki haiongezi mwendo, klachi inateleza. Hapo ndipo pa kuongeza springi ngumu.

Kuna tofauti moja inayowachanganya wengi. Klachi inayoteleza kidogo kwenye mita 10 za kwanza inafanya kazi yake. Inayoteleza baada ya hapo inakuibia muda.

Hewa ya Dar na kabureta

Injini haiangalii ramani, inaangalia uzito wa hewa inayovuta. Dar iko usawa wa bahari, kwa hiyo ungetegemea hewa nzito, lakini joto linaipunguza. Kwenye nyuzi 32 hewa yetu ni nyepesi kama ile ya mahali penye baridi ya kawaida palipo mita 600 hivi juu ya bahari, na unyevu unaipunguza zaidi kidogo. Kati ya alfajiri yenye nyuzi 25 na mchana wenye nyuzi 32, uzito wa hewa hushuka kwa zaidi ya asilimia 2. Kabureta haijirekebishi yenyewe kama mfumo wa sindano za kielektroniki. Jeti, kile kitundu kinachopima mafuta ndani ya kabureta, iliyokupendeza saa moja asubuhi inaweza kuwa na mafuta mengi kidogo saa nane mchana.

Anayetoka Arusha na pikipiki iliyosetiwa kule asikilize hapa. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar kwa takriban sehemu moja ya nane. Ukishuka nayo bila kubadili jeti, unaongeza hewa bila kuongeza mafuta, na mchanganyiko mkavu chini ya resi yote hutoboa pistoni. Panda namba mbili au tatu za jeti kubwa kabla hujaiwasha kwa nguvu, kisha shuka taratibu. Wa Dar akipanda Arusha afanye kinyume chake, na kosa lake litamgharimu muda tu, si injini.

Kwa petroli, mchanganyiko unaounguza kila kitu sawasawa ni sehemu 14.7 za hewa kwa moja ya mafuta, lakini nguvu kubwa hupatikana kwenye 12.5 hadi 13. Kama huna kipimo cha eksozi, plagi ndiyo itakayokusemea. Weka plagi mpya, kimbia kwa resi yote hadi mwisho, na pale pale kwenye mstari wa kumalizia bana klachi, zima injini, pikipiki ijiendee yenyewe hadi isimame. Ukiirudisha ikiwa inawaka kwa sailensi, unasoma rangi ya sailensi. Tazama kauri ndani kabisa, kwenye mzizi wake, kwa tochi na kioo cha kukuza. Unataka pete hafifu ya kahawia au kijivu. Nyeupe kabisa yenye malengelenge ni ukavu au joto kupita kiasi, na masizi meusi makavu ni mafuta mengi. Ukiona vidoa vidogo vinavyong'aa kama fedha, hiyo ni aluminiamu ya pistoni. Acha kila kitu, rudisha taimingi, yaani wakati plagi inapopiga cheche, nyuma digrii 2, panda jeti, na usiendelee hadi vidoa vimeisha.

Siku zote anza na mafuta mengi na taimingi ya upole, ushuke kuelekea nguvu. Anayeanzia kwenye ukavu anaweza kuharibu injini kwenye jaribio la kwanza.

Sproketi

Lengo ni kuvuka mstari wa kumalizia kwenye gia ya mwisho unayoitumia, mizunguko ikiwa imepita kidogo pale injini inapotoa nguvu zake nyingi. Ukifika ukomo wa mizunguko mita 30 kabla ya mstari, punguza meno ya nyuma. Ukimaliza gia bado inavuta polepole, ongeza. Kumbuka jino moja la mbele, kutoka 14 kwenda 15, hubadili uwiano kwa asilimia 7, wakati jino moja la nyuma kwenye sproketi ya meno 42 hubadili asilimia 2.4 tu. Mbele ni kwa marekebisho makubwa, nyuma kwa madogo. Nunua sproketi tatu za nyuma zinazopishana jino moja moja. Mnyororo upime mpanda akiwa amekaa, kwa sababu ukiupima pikipiki ikiwa tupu utaukaza mno na utakula beringi za giaboksi.

Ijumaa

Pikipiki isiyo na taa wala namba haipiti barabarani. Kodi kirikuu, ifunge kwa mikanda minne, miwili mbele na miwili nyuma, na weka gogo la mbao kati ya tairi na madigadi ya mbele ili shokapu zisibanwe kupita kiasi njiani. Ondoka kabla foleni haijaamka.

Bebea turubai la kivuli, feni ndogo na jenereta, geji ya upepo, pampu, fila geji ya kupimia nafasi ya valvu, plagi sita, jeti zote, pleti za akiba, springi, mnyororo wa akiba na kiungo chake, na kizima moto. Petroli nunua yote kituo kimoja kwa siku moja, uiweke kwenye kidumu cha chuma kivulini. Mafuta ya vituo tofauti yanaweza kuwaka tofauti, na wewe utadhani ni jeti. Na daftari. Daftari ni kipuri kama plagi.

Jumamosi: siku ya kuijua pikipiki

Kwenye daftari chora safu za saa, joto, unyevu, upepo unatoka wapi, jeti, taimingi, upepo wa tairi, sproketi, mizunguko ya kuondokea, muda wa mita 18, muda wa mwisho na mwendo wa mwisho. Baada ya kila jaribio jaza kabla hujaongea na mtu. Sheria ya siku ni moja: badilisha kitu kimoja tu kati ya jaribio na jaribio. Ukibadilisha jeti na tairi kwa pamoja na muda ukapungua, hujui cha kushukuru.

Jaribio la kwanza liwe la kusikiliza tu. Ondoka kwa upole, fika nusu ya njia, achia resi. Sikiliza mtikisiko, angalia kama usukani unavuta upande mmoja, jaribu breki. Rudi, gusa kila nati. La pili endesha umbali wote, bado ukiondoka kwa upole, ili upate muda wa mwanzo wa kulinganishia na usome plagi. Kuanzia la tatu ingia kwenye kuondoka, ukibadili mizunguko peke yake hadi muda wa mita 18 uache kushuka, na baada ya hapo tairi. Usiguse jeti hadi majaribio mawili mfululizo yawe na muda wa mita 18 unaokaribiana. Kila sehemu ya kumi ya sekunde utakayoipata pale huzaa zaidi ya sehemu ya kumi mwishoni, kwa sababu unaibeba njia nzima.

Tairi la nyuma lenye tyubu lianzishe kwenye psi 22, ushuke moja moja, na usipite chini ya 18. Chini ya hapo tairi linaweza kuzunguka juu ya rimu na kung'oa valvu ya tyubu, labda uwe umefunga bolti ya kulishikia. Pima likiwa limepoa kivulini, maana jua letu peke yake huongeza psi. Tairi la kawaida lenye kashata lisipite kwenye dimbwi la maji lililowekwa kwa ajili ya tairi laini za mashindano: maji yanajificha kwenye kashata na unayapeleka mpaka mstari wa kuanzia. Zunguka pembeni, bana breki ya mbele, lizungushe kidogo kuondoa mchanga, inatosha.

Kati ya majaribio injini ipoe kwa feni, kamwe isimwagiwe maji, kwa sababu silinda hedi yenye moto mkali inaweza kupinda au kupasuka. Jitahidi uianzishe kila mara ikiwa na joto lile lile. Kipima joto cha kuelekeza kinasaidia sana hapa. Na wewe mwenyewe vua suti, kaa kivulini, kunywa maji. Ndani ya ngozi kwenye unyevu wa Dar mtu huchoka kabla hajatambua, na mkono uliochoka huachia klachi tofauti.

Taa za kuanzia

Ukisogea, taa ya kwanza inakuambia umekaribia, na ukisogea kama sentimita 18 zaidi inawaka ya pili: uko mstarini. Simama pale pale inapowaka tu. Saa ya muda wako huanza gurudumu la mbele linapoachia mwale wa taa uliokatiza mstari wa kuanzia, kwa hiyo zile sentimita chache za mwanzo ni za bure. Nguzo ya taa za kuanzia huitwa mti. Kwenye mti wa kawaida, taa za njano hushuka zikipishana sekunde 0.5. Kwenye mti wa kitaalamu zinawaka zote kwa pamoja na kijani inafuata baada ya 0.4. Ukisubiri uione kijani, umechelewa. Kwenye mti wa kawaida ondoka unapoiona njano ya mwisho, na rekebisha kulingana na kipimo chako cha Jumamosi. Ukiondoka kabla, taa nyekundu, na raundi imekwisha.

Fanya hesabu hii uione thamani yake. Wewe umejibu taa kwa 0.120 na umekimbia kwa 10.40, jumla 10.52. Jirani amejibu kwa 0.310 na amekimbia kwa 10.28, jumla 10.59. Pikipiki yake ina kasi kuliko yako na bado umetangulia kufika. Kama ni bendera, zoea kutazama bega la mshika bendera badala ya kitambaa, kwa sababu bega linatangulia.

Jumapili: siku ya kushindana

Amka na seti bora ya Jumamosi na uiache hivyo. Kinachoruhusiwa kubadilika ni jeti kwa ajili ya hewa na upepo wa tairi kwa ajili ya joto la njia, na vyote viwili vifuate daftari. Angalia upepo unavyogeuka: alasiri upepo wa baharini huingia, na kwa injini ndogo upepo wa usoni unaweza kukutaka uongeze jino moja nyuma.

Kabla ya kila raundi kagua kwa mpangilio ule ule usiobadilika: mafuta, mnyororo, mchezo wa klachi, tairi, nati za ekseli, kamba ya kuzimia. Ukiruhusiwa kuchagua njia, chagua ile uliyopata muda mzuri wa mita 18, hata kama wenzako wanaisifu nyingine. Kwenye raundi ngumu kishawishi ni kuongeza mizunguko ya kuondokea ili umtishe mpinzani. Usiongeze. Namba ya jana ndiyo uliyoipima, hiyo nyingine unaibahatisha.

Muda ukiharibika ghafla, tafuta kwenye mita 18 kwanza. Ukiwa mbaya pale, ni klachi, tairi au mkono. Ukiwa mzuri pale na mwendo wa mwisho umeshuka, hapo ndipo uangalie plagi, jeti na joto la injini.

Jumapili jioni na Jumatatu

Mwaga oili ingali vuguvugu, uichuje kwa kitambaa cheupe. Fungua klachi, pima pleti, linganisha na vipimo vya mwanzo, na zile zilizogeuka rangi ya bluu zitupe. Pima valvu injini ikishapoa. Nafasi iliyopungua kwenye valvu ya kutoa inaonyesha inazama kwenye kiti chake, na inahitaji kushughulikiwa kabla ya mashindano mengine. Fungua jeti uzisafishe, mwaga petroli kwenye bakuli la kabureta, kisha keti na daftari uandike orodha ya kwenda nayo Kariakoo.